Baiti za kujazia katika viendeshi vya vifaa visivyotumia waya

'''Baiti za kujazia''' ni baiti zisizobeba taarifa yoyote ambazo kompaila huziweka katikati au mwishoni mwa muundo wa data ili kila sehemu ya muundo huo ianze kwenye anwani ya kumbukumbu inayokifaa kichakataji. Katika programu nyingi baiti hizo hazionekani wala hazina madhara. Katika viendeshi vya vifaa visivyotumia waya, kama vile kadi za Wi-Fi na Bluetooth, huweza kuleta hitilafu za aina mbili: pande mbili zinazowasiliana kuisoma data ileile kwa namna tofauti, na kuvuja kwa siri zilizobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuamuru kifaa fulani na kupokea majibu yake. Viendeshi vingi vya Wi-Fi na Bluetooth vimeandikwa kwa lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha hiyo humwachia kompaila uamuzi wa kuongeza baiti za kujazia, na hapo ndipo chanzo cha tatizo.

== Jinsi muundo unavyopangwa ==

Muundo ni kundi la nyuga zenye aina mbalimbali zinazowekwa pamoja kwa jina moja. Kwa mfano, amri ya kuiambia kadi ya Wi-Fi ihamie chaneli nyingine inaweza kuandikwa hivi:

 struct amri {
     uint8_t  aina;
     uint16_t chaneli;
     uint8_t  nguvu;
     uint32_t muda;
 };

Ukijumlisha nyuga hizo unapata baiti 1 + 2 + 1 + 4, yaani 8. Hata hivyo, kwenye kompyuta nyingi za leo muundo huu huchukua baiti 12. Sababu ni kwamba namba ya baiti 2 hutakiwa kuanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 2, na namba ya baiti 4 kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Kanuni hii huitwa ulinganishaji wa anwani. Kompaila huitimiza hivi:

* baiti 0: aina
* baiti 1: ya kujazia
* baiti 2 na 3: chaneli
* baiti 4: nguvu
* baiti 5, 6 na 7: za kujazia
* baiti 8 hadi 11: muda

Baiti za kujazia huweza kuwekwa pia mwishoni mwa muundo, ili miundo kadhaa ikipangwa mfululizo kila mmoja uanze mahali panapofaa. Kanuni za lugha ya C haziruhusu baiti hizo kuwekwa mwanzoni, kabla ya uga wa kwanza. Haziruhusu pia kompaila kubadilisha mfuatano wa nyuga ulioandikwa na mwandishi wa programu. Kwa hiyo ukubwa wa muundo hutegemea mpangilio aliouchagua mwandishi: muda ukitangulia, ukifuatiwa na chaneli, aina na nguvu, muundo uleule hurudi kwenye baiti 8 bila nafasi hata moja kupotea.

== Tofauti kati ya vichakataji ==

Kanuni za ulinganishaji hazifanani kila mahali. Kila familia ya vichakataji, pamoja na mfumo endeshi wake, ina makubaliano yake.

Katika Linux kwenye vichakataji vya Intel vya biti 32, namba ya baiti 8 iliyo ndani ya muundo hulinganishwa kwa baiti 4 tu. Kwenye vichakataji vya biti 64 vya familia hiyohiyo hulinganishwa kwa baiti 8. Muundo wenye namba ya baiti 4 ikifuatiwa na namba ya baiti 8 huchukua baiti 12 kwenye mfumo wa kwanza na baiti 16 kwenye wa pili. Makubaliano ya zamani ya vichakataji vya ARM yalikuza kila muundo hadi ukubwa unaogawanyika kwa 4, hata kama ulikuwa na uga mmoja wa baiti 1.

Vichakataji hutofautiana pia katika namna vinavyoshughulikia kosa. Vile vya Intel husoma namba iliyo kwenye anwani isiyolingana bila malalamiko, pengine kwa kuchelewa kidogo. Vichakataji vingi vya MIPS, vilivyotumika sana kwenye ruta za nyumbani, husimamisha kazi na kuuita mfumo endeshi uirekebishe, jambo linalopunguza kasi mno. Vichakataji vya ARM vya zamani, kabla ya toleo la 6, viliweza kurudisha namba iliyozungushwa baiti zake, bila onyo lolote. Ndiyo maana kiendeshi kinaweza kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi wake kisha kikashindwa kikipelekwa kwenye ruta.

== Kwa nini vifaa visivyotumia waya huathirika zaidi ==

Data ya programu ya kawaida hukaa ndani ya programu hiyo yenyewe. Anayeiandika na anayeisoma ni msimbo uleule uliopitia kompaila ileile, na hivyo pande zote mbili zinakubaliana kuhusu mahali pa baiti za kujazia. Kiendeshi cha kifaa kisichotumia waya kiko katikati ya pande nyingi zisizofahamiana:

* '''Chipu ya kifaa.''' Kadi nyingi za Wi-Fi zina kichakataji chao kidogo kinachoendesha programu yake, iitwayo famuwea. Famuwea hiyo ilipitia kompaila nyingine, kwa kichakataji cha aina nyingine.
* '''Kituo kingine hewani.''' Fremu zinazorushwa hufuata kanuni za IEEE 802.11, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Kanuni hizo hutaja mahali pa kila baiti, na hazijui chochote kuhusu kompaila.
* '''Programu za mtumiaji.''' Programu inayoonyesha orodha ya mitandao au kutuma neno la siri inaweza kuwa ya biti 32 wakati mfumo endeshi ni wa biti 64.

Jambo jingine linaloongeza ugumu ni mfuatano wa baiti ndani ya namba. Nyuga za kichwa cha fremu ya Wi-Fi hutangulizwa na baiti ya thamani ndogo, ilhali pakiti ya IP iliyobebwa ndani ya fremu hiyohiyo hutangulizwa na baiti ya thamani kubwa. Kiendeshi kinapaswa kushughulikia yote mawili.

== Mfano wa amri inayosomwa vibaya ==

Tuseme famuwea ya kadi inatarajia amri iliyoonyeshwa hapo juu ikiwa na baiti 8 zisizo na nafasi katikati, na mwandishi wa kiendeshi hakuziondoa baiti za kujazia. Kiendeshi kinaagiza chaneli ya 6, nguvu 20 na muda 100, na baiti za kujazia zina sifuri.

Famuwea inatafuta chaneli kwenye baiti ya 1 na ya 2. Hapo inakuta sifuri ya kujazia ikifuatiwa na 6. Kwa kuwa baiti ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, inasoma 6 × 256, yaani 1536. Hakuna chaneli ya Wi-Fi yenye namba hiyo; kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli huishia 13 katika nchi nyingi na 14 nchini Japani. Nguvu inatafutwa kwenye baiti ya 3, nayo ni sifuri. Muda unatafutwa kwenye baiti ya 4 hadi ya 7, ambako kuna ile 20 ya nguvu. Baiti 4 za mwisho, zenye muda halisi, zinatupwa au zinachukuliwa kuwa mwanzo wa amri inayofuata.

Famuwea nzuri itaikataa amri hiyo. Isiyokagua itaitii. Hitilafu inaweza kuwa ngumu zaidi kugundua ikiwa baiti za kujazia hazina sifuri, bali mabaki ya kazi iliyotangulia: kadi itafanya kazi mara moja na kukataa mara nyingine, bila sababu inayoonekana.

== Vichwa vya fremu za Wi-Fi ==

Kichwa cha kawaida cha fremu ya data ya Wi-Fi kina baiti 24: baiti 2 za udhibiti, 2 za muda, anwani tatu za baiti 6 kila moja, na baiti 2 za namba ya mfuatano. Fremu inayopewa daraja la huduma huongezewa baiti 2, na kichwa kinakuwa na baiti 26. Tofauti na 24, namba 26 haigawanyiki kwa 4, hivyo data inayofuata kichwa hicho huanza mahali pasipolingana.

Baadhi ya chipu za Atheros na Ralink hulitatua jambo hilo zenyewe kwa kuweka baiti 2 za kujazia kati ya kichwa na mwili wa fremu. Baiti hizo hazirushwi hewani. Kiendeshi kinapaswa kuziondoa kinapopokea fremu na kuziweka kinapotuma. Kikisahau, kila kitu baada ya kichwa kinasogea kwa baiti 2, na pakiti inatupwa ingawa ilipokelewa salama.

Katika Linux muundo wa kichwa cha Wi-Fi umeandikwa kwa agizo la kuondoa baiti za kujazia, pamoja na agizo la pili linalosema kwamba muundo huo daima utalinganishwa kwa baiti 2. Agizo la pili huiruhusu kompaila kusoma nyuga za baiti 2 kwa mara moja badala ya baiti moja moja.

Radiotap, mtindo unaotumiwa na programu za kunasa fremu kueleza nguvu ya mawimbi, chaneli na kasi, hufuata njia ya kinyume. Hapo baiti za kujazia ni sehemu ya kanuni: kila uga hulinganishwa kwa ukubwa wake, kuhesabu tangu mwanzo wa kichwa cha radiotap. Kwa kuwa nyuga nyingine huwapo na nyingine hukosekana, msomaji hana budi kukokotoa nafasi za kujazia upya kwa kila fremu.

== Biti 32 na biti 64 katika Linux ==

Mfano unaojulikana sana ni wa Wireless Extensions, kiolesura cha zamani cha Wi-Fi katika Linux kilichoanzishwa na Jean Tourrilhes katika miaka ya 1990. Matukio, kama kuunganishwa au kukatika kwa mtandao, yalitumwa kwa programu za mtumiaji ndani ya muundo uliokuwa na urefu (baiti 2), aina ya tukio (baiti 2), kisha taarifa zenyewe. Sehemu ya taarifa iliweza kubeba kielekezi, ambacho ukubwa wake ni baiti 4 kwenye mfumo wa biti 32 na baiti 8 kwenye mfumo wa biti 64. Kwa hiyo kwenye biti 32 taarifa zilianza baiti ya 4, na kwenye biti 64 zilianza baiti ya 8, baada ya baiti 4 za kujazia.

Programu ya biti 32 ikiendeshwa juu ya kerneli ya biti 64 ilisoma mahali pasipo sahihi. Mtandao unapokatika, kerneli hutuma anwani ya kituo yenye sifuri tupu. Kabla ya anwani hiyo kuna namba 1 inayotambulisha aina ya anwani. Programu iliyosoma baiti 4 mapema iliikuta namba 1 hiyo katikati ya baiti sita ilizodhani kuwa ni anwani. Anwani ikaonekana si sifuri, na programu ya wpa_supplicant, inayosimamia kuingia kwenye mitandao yenye neno la siri, haikutambua kwamba mtandao umekatika.

Mwaka 2009 Johannes Berg alirekebisha jambo hilo kwa kuifanya kerneli itume ujumbe wa mpangilio tofauti kwa programu za biti 32. Wakati huo kiolesura kipya, nl80211, kilikuwa kimeshaingia katika kerneli tangu mwaka 2007. Chenyewe hakitumi muundo mmoja mkubwa. Kila taarifa hutanguliwa na urefu na aina yake, hivyo mpangilio wa kompaila hauingilii.

== Kuvuja kwa kumbukumbu ==

Kompaila huacha nafasi ya baiti za kujazia bila kulazimika kuandika chochote ndani yake. Kilichomo ni mabaki ya kazi iliyotumia sehemu hiyo ya kumbukumbu hapo awali, na huenda ni anwani za ndani za kerneli, kipande cha neno la siri au data ya mtumiaji mwingine. Muundo mzima unaponakiliwa kwenda nje, mabaki hayo huenda pamoja nao.

Mfano ulio wazi ni CVE-2011-1078, udhaifu ulioripotiwa na Vasiliy Kulikov mwaka 2011 katika sehemu ya Bluetooth ya kerneli ya Linux. Muundo uliohusika ulikuwa na namba ya baiti 2 na safu ya baiti 3, jumla baiti 5. Kompaila iliongeza baiti 1 mwishoni ili zifike 6. Baiti hiyo moja ya staki ya kerneli ilipewa programu ya mtumiaji kila ilipouliza. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa kujaza sifuri kwenye muundo wote kabla ya kuutumia.

Nyuga zisizoandikwa huleta hatari ya namna hiyohiyo. Mwezi Oktoba 2020 Andy Nguyen wa Google alitangaza udhaifu kadhaa wa Bluetooth katika Linux kwa jina la BleedingTooth. Mmojawapo, CVE-2020-12352, ulitokana na jibu lenye baiti 18 ambalo baiti zake 2 tu ndizo zilizoandikwa. 16 zilizobaki zilitoka kwenye staki. Tofauti na ule wa 2011, jibu hili lilirushwa hewani, hivyo mtu aliye karibu aliweza kulipata bila kuigusa kompyuta.

Hata mitandao ya waya ilipitia hali hiyo. Mwezi Januari 2003 Ofir Arkin na Josh Anderson walieleza udhaifu uitwao Etherleak. Fremu ya Ethernet haina budi kubeba angalau baiti 46 za data, na pakiti fupi hujaziwa. Kanuni zilitaka kijazio kiwe sifuri, lakini viendeshi vingi vilijazia kwa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu.

== Kuzuia na kugundua ==

Njia zinazotumika ni hizi:

* '''Kupanga nyuga kwa ukubwa.''' Nyuga kubwa zikitangulia, nafasi nyingi za kujazia hutoweka zenyewe.
* '''Kuandika nafasi waziwazi.''' Mwandishi huongeza uga wake wa akiba mahali ambapo kompaila ingejazia, kisha huuandikia sifuri. Muundo hubaki uleule kwenye kila kichakataji.
* '''Kuagiza muundo usio na nafasi.''' Kompaila ya GCC ina agizo la ''packed'' linaloondoa baiti za kujazia. Gharama yake ni usomaji wa polepole kwenye vichakataji visivyovumilia anwani zisizolingana. Pia ni hatari kuchukua kielekezi cha uga wa muundo kama huo na kukipitisha kwingine. Tangu toleo la 9 la mwaka 2019, GCC hutoa onyo.
* '''Kuthibitisha ukubwa.''' Lugha ya C ya mwaka 2011 ina ''_Static_assert'', inayozuia programu kujengwa ikiwa muundo hauna ukubwa uliotarajiwa. Kerneli ya Linux ina ''BUILD_BUG_ON'' kwa kazi hiyohiyo.
* '''Kujaza sifuri kwanza.''' Kabla ya kutoa muundo nje, baiti zake zote hujazwa sifuri kwa ''memset''. Kuandika sifuri kwenye kila uga hakutoshi, kwa kuwa baiti za kujazia si uga.
* '''Kuchunguza kwa zana.''' Programu ya pahole, iliyoandikwa na Arnaldo Carvalho de Melo, huonyesha kila nafasi iliyomo ndani ya miundo ya programu. KMSAN, iliyoingia katika kerneli ya Linux 6.1 mwezi Desemba 2022, hutambua kumbukumbu isiyoandikwa inapotoka kwenda kwa mtumiaji.

== Umuhimu katika Afrika Mashariki ==

Wakazi wengi wa Afrika Mashariki huingia intaneti bila waya, kwa simu ya mkononi au ruta ndogo. Mitandao ya jamii kama TunapandaNET ya Kibera jijini Nairobi, na ule wa Kondoa katika Mkoa wa Dodoma, hutegemea vifaa vya namna hiyo kufikisha huduma mahali ambapo nyaya hazifiki.

Katika mazingira hayo hitilafu za mpangilio wa data ni rahisi kuzidhania kuwa kitu kingine. Mtandao unaokatika bila programu kutambua, pakiti zinazotupwa na kasi inayoshuka hufanana na dalili za mawimbi dhaifu. Mtumiaji aliye Nyangamara, katika Mkoa wa Lindi, ataulaumu mnara ulio mbali, na fundi atabadilisha antena, wakati kosa ni baiti mbili ndani ya kiendeshi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kulinganisha: ikiwa kifaa kingine mahali palepale hufanya kazi vizuri, au kifaa kilekile hukataa hata karibu na kituo, kiendeshi au famuwea inapaswa kuchunguzwa.

Udhaifu wa kuvuja kwa kumbukumbu hauna dalili yoyote. Kifaa huendelea kufanya kazi kama kawaida huku kikitoa mabaki ya kumbukumbu yake. Marekebisho humfikia mtumiaji kwa njia ya masasisho ya programu peke yake, na simu au ruta isiyosasishwa tena na mtengenezaji hubaki na udhaifu huo hata baada ya kurekebishwa katika kerneli kwa miaka mingi.